Hewa Niliyompelekea Mjomba Wako

Kolwezi, Jumapili, saa kumi na moja jioni

Feza wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na jinsi ninavyokufahamu utarudi umechelewa, mikono imejaa zawadi ambazo haziingii tena kwenye sanduku. Kwa hiyo nina saa moja, labda na nusu. Mama yako ameshakuambia habari za chanjo, za pasipoti na za kutosinzia pale mpakani Kasumbalesa, kisha akaziandika kwenye karatasi, maana haamini kwamba mtu aliyesoma biolojia chuo kikuu anaweza kukumbuka soksi zake. Mimi hayo sirudii. Nina jambo moja tu, na nakuomba ulisome basi likishatoka mjini, ili usipate nafasi ya kurudi kunikumbatia kabla hujakasirika. Una haki ya kukasirika kwanza.

Linaanzia mezani, Jumatatu iliyopita. Ulikuwa unatusimulia ile miezi mitatu uliyokaa kisiwani Mafia kwa majaribio ya kazi ya kupiga mbizi, kabla hawajakuita sasa kwa miaka miwili. Nakiri nilikuwa nimekwisha kuzisikia hizo habari mara nne, na mara zote nne nilisikiliza kama mtu aliyelipa kiingilio. Sichoki na yule papa potwe wako, mrefu kuliko lori la kubebea mawe, ambaye kumbe anakula vidudu visivyoonekana kwa macho. Sichoki na samaki mdogo anayeingia kinywani mwa samaki mkubwa, anamsafisha meno, halafu anatoka salama. Mama yako alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema, "Uyo mukubwa eko na adabu kupita banaume ya Kolwezi." Ulituambia kwamba mnashuka wawili wawili, kila mmoja na kibao chake shingoni, na mnahesabu samaki mita kwa mita juu ya matumbawe, mkiandika kwa penseli ya kawaida kabisa ya shule. Kalamu ya wino hufa majini, penseli inaendelea tu. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha kiasi kile.

Nilikuuliza, mimi baba yako, kwa ujinga wangu wa mtu wa machimbo, mnachukua nini huko chini. Ukanitazama. "Hakuna, tata. Ata ganda tupu tunaiacha palepale." Mimi maisha yangu yote sijawahi kumwona mtu akishuka chini na kupanda mikono mitupu akiwa na furaha. Hapa kwetu, kule Kasulo, watu wamechimba madini hadi chini ya vitanda vyao.

Ndipo ukatueleza ya ile asubuhi ya mitungi. Ulikuwa na zamu ya kuijaza hewa, mashine inanguruma, na mashua ya wageni iko tayari inakungojea. Upepo ukageuka. Ukasikia moshi kidogo, kidogo sana, karibu na ule mdomo wa mashine unaovuta hewa. Ukaizima. Halafu ukaifungulia mitungi yote uliyokuwa umeijaza, hewa ikatoka bure, huku mkubwa wako anakufokea na wageni wanaangalia saa zao. Ulisema hutampelekea mtu chini hewa ambayo wewe mwenyewe usingeivuta. Kisha ukaongeza, huku unamega tonge la bukari, kama mtu anayeongea habari ya hali ya hewa: "Ni kosa ya kawaida, tata. Mutu anaweka mashine yake mubaya, upepo unageuka, na mwenzake kule chini hajue kitu."

Mimi nikaacha tonge langu kwenye sahani, nikatoka nje.

Najua ulimuuliza mama yako umekosa nini, na najua siku mbili zilizofuata ulitembea kwa kunyata humu ndani, ukidhani nimechukia safari yako. Hukukosa kitu. Ulikuwa umenieleza kosa langu, neno kwa neno, na hukujua.

Mwaka wa kosa hilo wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa na shimo letu upande wa Musonoi, watu wanne: mimi, mjomba wako Banza, kisha mkubwa wa timu, na jamaa mwingine aliyekwisha kuhamia Kisenge. Shimo lilikuwa limepita mita ishirini, na kule chini mtu hapumui bila msaada. Kazi yangu ilikuwa hewa. Jenereta linawasha pampu, pampu inavuta hewa ya juu na kuisukuma ndani ya bomba la plastiki hadi kwa mchimbaji. Basi. Kazi ya kukaa, na wenzangu walinitania kwamba napata mgao wangu kwa kuchosha matako. Mimi nilijivunia. Kamba ya Banza nilikuwa nimeifunga kwenye kifundo cha mguu wangu, ili akiivuta niisikie hata nikisinzia.

Asubuhi ile tulikuwa tumeondoka bila chakula. Mama yako, ambaye siku hizo alikuwa na malewa yake pale njiani, meza ya chakula iliyokuwa ikijaa kuliko zote, akatufuata na sufuria ya bukari na dagaa wa kapenta. Alitufikia hadi mdomoni mwa shimo, akachungulia, akamsalimu kaka yake aliyekuwa chini. Dakika moja, haikutimia hata moja. Mkubwa wa timu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama, toka! Banamuke habafikake ku shimo! Madini inakimbia!" Wewe unaijua hiyo imani kwamba mwanamke huleta nuksi shimoni, umekua nayo. Mama yako akaweka sufuria chini na kuondoka, na mimi sikumtetea. Nilicheka pamoja na wengine.

Baadaye manyunyu yakaanza. Nikaogopa jenereta litalowa, nikalivuta chini ya turubai, karibu na pampu, kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Nililigeuza vibaya. Bomba la moshi likawa linatazama mdomo wa pampu. Kwa muda haikuwa kitu, maana upepo ulikuwa unautoa moshi nje. Kisha ukageuka. Nilisikia harufu, Feza. Hilo ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu hadi wiki hii. Niliisikia harufu ile, nikajitia hamnazo, kwa sababu kuinuka kulimaanisha kulowa, na nilikuwa nimekwisha kukaa vizuri. Nikasema moyoni, mvua ikipungua nitaligeuza.

Kamba ikanitikisa mguu. Mara mbili, dhaifu. Tukamvuta, mimi na mkubwa wa timu, na alipotokeza kichwa chake kilikuwa kimeanguka kifuani. Alitapika, alikoroma, lakini alikuwa hai. Siku tatu hospitalini hakujua jina lake wala langu. Unavyomwona leo, mikono inayotetemeka akishika kikombe, majina yanayompotea, siku anazojifungia gizani kwa maumivu ya kichwa, yote yalitoka kwenye ile hewa niliyompelekea.

Nikufikishe sasa kwenye jambo linalonitia aibu kuliko yote. Mkubwa wa timu alipokimbia na yule jamaa wa nne kutafuta pikipiki ya kumpeleka Banza, nilibaki peke yangu naye kwa dakika chache. Nililigeuza jenereta. Nililisukuma hadi upande mwingine, nikalifunika vizuri, hata nikazifuta alama zake kwenye tope kwa mguu. Na mtu alipouliza imekuwaje, mkubwa wa timu alikuwa na jibu tayari: "Si njo ule munamuke alikuya ku shimo?"

Niliinamisha kichwa. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mama yako akatwishwa mzigo wote, na mimi nikatembea kando yake mikono mitupu.

Mengine uliyaona wewe mwenyewe, ila hukujua unaona nini. Meza ya mama yako ilikauka katika wiki mbili, maana hakuna mchimbaji ambaye angekula kwa mwanamke aliyemroga kaka yake wa damu shimoni. Ndiyo sababu akaanza kuuza makaa. Na bibi yako, mama yake mzazi, hakuwahi kumtukana, hakuacha kututembelea, ila tangu siku ile amekuwa akija na chakula chake mwenyewe, ndani ya ile sufuria ndogo ya bluu yenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ulipomuuliza siku za mwanzo alikujibu ni mambo ya tumbo. Miaka tisa, Feza, mama yako amekuwa akipika Jumapili, akimwekea mama yake sahani safi mezani, na kuiondoa ikiwa safi vilevile.

Nami nilikuwa nikila huku nikitazama.

Jumanne asubuhi nilimwambia. Alikuwa anatwanga majani ya sombe uani, nikamweleza yote kuanzia manyunyu hadi alama za tope. Hakuacha kutwanga. Nilipomaliza akapiga mitwango mingine mitatu, minne, akaegemeza mchi ukutani na kusema, "Miaka kenda." Basi. Jioni ile akahamia chumbani kwako. Wewe ulidhani amekuja kulala nawe kwa sababu unaondoka, na nilikusikia ukimwambia kwamba umefurahi. Kumbe alikuwa amenikimbia mimi. Siku ya pili nikamfuata na pole zangu, naye akanikatiza: "Mi sitaki pole yako. Mi nataka mama asikie, na mu kinywa yako weye."

Lakini niliona kwanza nimfikie mwenye kidonda. Ijumaa nikapanda pikipiki hadi ziwani Nzilo. Nilimkuta Banza anatengeneza wavu wake kwa vile vidole visivyotulia, kazi ambayo mimi ningeimaliza kwa nusu saa na yeye humchukua siku nzima. Nikasema. Akanisikiliza akiutazama wavu. Kisha akainuka, akaipiga ndoo yake teke, samaki aliowavua tangu alfajiri wakarudi majini wote.

"Mi nilisikia ile moshi," akasema. "Nilisema mu roho, shemeji eko pale, ataona."

Nikaiokota ndoo yake, nikaisimamisha.

"Mambo yangu mi na weye, tutaongea siku ingine," akaendelea. "Pengine nitakusamehe, pengine nitakupiga. Lakini dada yangu! Umemufanya mulozi bure!" Akanigeuzia mgongo. Nilipokuwa nawasha pikipiki akaniita, akauliza safari yako ni lini, maana alikuwa amesahau, akaniomba nimwandikie kwenye mkono wake.

Ni kwenye maji yale, mwanangu, ndiko alikokufundisha kuogelea. Mtu aliyevuta sumu kwa uzembe wangu, alipoachana na mashimo na kukimbilia uvuvi, alimchukua binti yangu kila likizo akamfundisha kuzuia pumzi, kufungua macho majini na kutoogopa. Sitasema moshi ule ulileta heri. Nikisema hivyo nitastahili lile pigo lake. Nasema tu kwamba kila unaposhuka kule kisiwani, unashuka na alichokupa Banza, naye alikupa bila kujua baba yako ana deni la kumwomba msamaha. Namshukuru. Kila siku tangu Ijumaa nimekuwa nikimshukuru kwa sauti, nikiwa peke yangu, kama mwehu.

Na leo mchana, ulipokuwa misa ya pili, walikuja wote wawili, Banza na bibi yako. Sufuria ya bluu ilikuwa mkononi mwake kama kawaida.

Wewe unaijua heshima ya kwetu kati ya mkwe mwanamume na mama wa mkewe. Miaka yote hii sijamtazama bibi yako usoni, sijakaa naye mkeka mmoja, na nikitaka kumwambia neno hupitisha kwa mtu. Nikachukua kigoda, nikakaa mlangoni, uso wangu nje, mgongo wangu kwake, nikaanza kumwambia Banza maneno yaliyokuwa ya mama yake. Nilikuwa nimefika kwenye manyunyu na turubai aliponikatiza.

"Tata Feza. Geuka. Mi nataka kukuona mu macho."

Nikamtazama Banza aniokoe. Banza akatazama paa.

Nikageuka. Nilidhani nitaona hasira, nikaona mwanamke mzee anayenisoma kama mtu anayesoma barua kutoka mbali. Nikaanza upya, kutoka asubuhi. Nilimwambia kwamba mwanawe alileta chakula tu, kwamba alisimama pale kwa muda wa salamu moja. Nilimwambia harufu niliisikia mimi, na jenereta nililigeuza mimi. Mama yako alikuwa jikoni, mlango wazi, na sikusikia hata kijiko kikigonga. Nililia, Feza. Sikulia kwa adabu, nililia kama mtoto aliyepoteza ndala sokoni.

Bibi yako aliweka mikono yake juu ya kile kifuniko. Kisha akainua sauti kuelekea jikoni.

"We Mado. Bukari iko?"

Mama yako akatoka. Alisimama mlangoni, unga mkononi, akamtazama mama yake kana kwamba hakusikia vizuri. "Iko, mama," akasema. "Ingali ya moto." Akamletea maji ya kunawa, na maji yakamwagika zaidi chini kuliko mikononi. Bibi yako akala. Alikula sombe, akala samaki, akaomba kuongezewa sombe, akalalamika chumvi ni kidogo, na mama yako alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akamwambia chumvi imekuwa kidogo miaka kenda, ni vile hakuionja. Banza alikula nao. Mimi nilitoka nje, maana heshima ilikuwa imekwisha kuvunjika vya kutosha kwa siku moja.

Kwa hiyo kama uliporudi ulimkuta mama yako anaimba, sasa unajua kwa nini. Na kama macho yake yalikuwa mekundu, hayo si ya huzuni.

Sikuandikii haya ili nikufundishe kazi yako. Wewe unaijua, uliizima mashine huku watu wanakufokea, nami sikuinuka hata kwa manyunyu. Ulitueleza kwamba mkipanda kutoka kilindini mnasimama mita tano kutoka juu, dakika tatu, mnaning'inia tu mnatazama kasa wakipita, kwa sababu mtu akipanda mbio damu yake hutoa povu kama chupa ya Fanta. Nilipenda habari hiyo. Mimi nimechukua siku tano kupanda, na nimegundua kwamba kusimama njiani si uoga. Ila miaka tisa ilikuwa uoga mtupu, na hiyo nimeijua kwa jina lake.

Siku moja huko utakosea. Utahesabu vibaya, utafunga kitu vibaya, au utasikia harufu na mwili wako uwe umechoka. Siku hiyo sikutakii uwe mkamilifu. Nakutakia tu usilisogeze jenereta wakati hakuna anayekutazama. Liache palepale, mwite mtu aone.

Nakushukuru, binti yangu. Ulisema neno moja mezani, mdomo umejaa bukari, na nyumba yetu ikapata kupumua. Nakushukuru pia kwa papa potwe. Nikifumba macho namwona, mkubwa hivyo na hamdhuru mtu.

Nimekuwekea penseli sita kwenye mfuko wa pembeni, nimezichonga mwenyewe. Kesho saa kumi na mbili asubuhi Banza ndiye atakayekupeleka kwenye basi. Amesema yeye atakushika mkono na mimi nitabeba sanduku, na kwa sasa sina uwezo wa kubishana naye juu ya lolote.

Tena, chakula chako cha njia mama yako hakukifunga kwenye karatasi safari hii. Bibi yako alipoondoka aliiacha ile sufuria yake ya bluu mezani. Nilimkimbilia nayo hadi barabarani, akaniambia bila kunitazama, maana heshima ilikuwa imerudi, kwamba ni ya mjukuu wake. Ndani kulikuwa na viazi vitamu alivyojipikia asubuhi. Nimevila mimi, nyuma ya nyumba, vimepoa. Mama yako ameiosha, ameijaza kuku na sombe, na ameifunga kwa ule ule mpira. Ukifika Mafia, usiirudishe.

Tata yako